Upana wa Kilele

1

Mlango wa moyo wa Mwalimu Wiliadi Tweve, vali ya kaboni tuliyompachika, ulifika maabara siku ya Jumatatu, saa tatu asubuhi, ukiwa ndani ya chupa ya maji ya chumvi iliyofungwa tumboni mwa ndege isiyo na rubani. Ukungu wa Njombe ulikuwa mzito kiasi kwamba ndege hiyo ilizunguka paa letu mara tatu kabla ya kuthubutu kutua. Akwinata Mlowe, fundi wetu wa usomaji, aliileta chupa mezani kwangu kwa mikono miwili.

"Huyu alikuwa amefuzu, daktari," alisema. "Cheti chake hiki hapa. Uwiano sifuri nukta nne moja."

"Amekufa kwa nini?"

"Ameanguka kutoka juu ya lori la chai. Mwanawe ni askari, akashikilia kwamba baba yake achunguzwe. Ukoo mzima umemsusa. Wanasema kamfumua mzee kama mto wa sufi."

Hasira ya ukoo ule niliielewa. Tangu Taasisi ya Milango ya Kaboni ifunguliwe, miaka ishirini na sita iliyopita, kizazi kilichoharibiwa mioyo na homa ya koo kilipokuwa kikifa mashuleni na mashambani, hapakuwahi kuwa na familia iliyokubali kufungua kifua cha mtu aliyefuzu. Aliyefuzu alizikwa mzima, mlango wake ukiwa ndani, na waombolezaji walisema kwa fahari kwamba amekwenda na mlango uliopona. Kwa hiyo, ingawa nilikuwa nimeshika mamia ya milango iliyotolewa kwa watu ambao uwiano wao ulipanda mno, sikuwa nimewahi kuushika hata mmoja wa aliyefuzu. Ile iliyopanda ilikuwa imechakaa, lakini uliweza kuikunja kati ya vidole viwili na ikarudi katika umbo lake.

Niliushika mlango wa Mwalimu Wiliadi kwa kibano. Haukupasuka, uligeuka unga, kama karatasi iliyoungua inavyofanya ikiguswa, na maji ya chupa yakawa meusi.

"Umeubana mno," alisema Akwinata.

"Sijaubana."

Alinitazama, akachukua kibano kingine, akajaribu mwenyewe kwenye kipande kilichobaki. Kisha akakiweka kibano chini polepole, kama mtu aliyeshika kitu cha mtu mwingine bila ruhusa.

Tulikusanya ule unga juu ya kioo na kuuwekea mwanga wa kijani. Mashine ilitoa namba ile ile iliyokuwa kwenye cheti: sifuri nukta nne moja.

"Fungua mchoro," nilisema.

"Mchoro? Si inatoa namba?"

"Najua inatoa namba, Akwinata. Fungua mchoro."

Mwanga unapoipiga kaboni, sehemu ndogo sana hurudi ikiwa imebadilika rangi, na mabadiliko hayo yakichorwa hutoa vilele viwili. Kimoja hutokana na atomi zilizokaa sawasawa, sita sita, kama vyumba vya sega la nyuki. Tulikiita kilele cha mpangilio. Cha pili huota pale tu sega linapokuwa na tundu, ufa au ukingo. Hicho tulikiita kilele cha vurugu. Urefu wa cha pili ukigawanywa kwa urefu wa cha kwanza hutoa uwiano, namba ambayo watu wa nyanda hizi waliijua kuliko tarehe zao za kuzaliwa. Mlango mpya husoma karibu na sifuri. Moyo hupiga mara laki moja kwa siku, damu hutafuna, na mwaka hadi mwaka uwiano hupanda. Ukivuka mbili, mlango hubadilishwa.

Kisha, baada ya miaka kadhaa, tuliona jambo ambalo hatukulitarajia. Kwa baadhi ya watu uwiano ulianza kushuka: moja nukta nane, moja nukta mbili, sifuri nukta saba. Tulishangilia. Tukasema joto la mwili linairudisha kaboni katika mpangilio wake. Aliyeshuka mara mbili mfululizo alihesabiwa kuwa amepona. Alipewa cheti, jina lake likafutwa katika orodha ya usomaji, na nyumbani kwake wakapika, wakanywa ulanzi, ile pombe ya mianzi, wakacheza. Waliiita sherehe ya shuko.

Akwinata aliufungua mchoro. Hapakuwa na vilele viwili vyembamba. Palikuwa na mgongo mmoja mpana, umelala kama ng'ombe.

"Mashine imeharibika," alisema.

"Haijaharibika. Vaa miwani yako, nikuonyeshe."

Nilimweleza polepole, kwa kuwa nilikuwa ninajieleza na mimi pia. Kilele cha vurugu hakitoki katika vurugu tupu. Kinahitaji vyumba vizima kando ya tundu, vyumba vya pembe sita ambavyo bado vinaweza kutetemeka. Vyumba vyenyewe vikivunjika, hakuna cha kutetemeka, na kilele hicho hunywea. Kwa hiyo uwiano ni mlima: hupanda kadiri matundu yanavyoongezeka, kisha hushuka upande wa pili sega linapokwisha. Sifuri nukta tisa ya kupandia na sifuri nukta tisa ya kushukia ni namba moja, lakini ya kwanza ni sega lenye matundu machache, na ya pili ni masizi. Kinachozitofautisha ni upana wa kilele cha mpangilio. Chini ya thelathini, sega lipo. Zaidi ya mia, hakuna sega. Upana wa Mwalimu Wiliadi ulikuwa mia moja arobaini na mbili.

Hayo hayakuwa mambo mapya. Niliyasoma nikiwa mwanafunzi, pamoja na lile lingine rahisi zaidi: kwamba kaboni iliyovurugika hairudi katika mpangilio ila kwa tanuri la nyuzi elfu mbili na kitu. Niliyajua, nikachagua kuamini kwamba mwili una njia zake. Na miaka kumi na tisa iliyopita, tulipopeleka mashine katika hospitali za wilaya na mafundi wakalalamika kwamba fomu ni ndefu, ni mimi, Perpetua Mtewele, niliyeifuta safu ya upana. Mstari mmoja wa wino. Milango yote ilikuwa michanga wakati huo. Upana wake ulikuwa ule ule kila siku, na kuandika kitu kisichobadilika nilikuona ni kuwachosha watu.

Akwinata alikuwa amekaa, vidole vyake vikihesabu kitu juu ya goti.

"Mama mkwe wangu alifuzu," alisema. "Mwaka juzi. Alikufa akichuma maharage. Tulisema ni uzee."

"Alikuwa na miaka mingapi?"

"Hamsini na minne."

2

Siku iliyofuata alikuja dada yangu.

Skolastika alikuwa amenizidi miaka mitano, na kwa miaka thelathini alikuwa ameongoza kwaya ya usharika wao ng'ambo ya mto Ruhuji. Aliingia chumba cha usomaji akihema kidogo, akavua sweta bila kuambiwa, akakiweka wazi kile kidirisha cha kioo chini ya mtulinga ambacho kila mwenye mlango wa kaboni anacho, na ambapo unyuzi wa mwanga huanzia kwenda hadi moyoni.

"Harakisha, Pepe. Nina watu wa mahema wananisubiri. Na mbuzi wawili wamefungwa kwa jirani, wanamlia maua yake."

"Tulia, dada. Usiongee ninapowasha."

"Siongei. Ninakupa habari."

Mwaka juzi alikuwa moja nukta tisa. Mwaka jana moja nukta nne. Mashine ikatoa sifuri nukta tisa. Aliisoma mwenyewe kabla yangu, akaiimba namba ile kwa sauti ya kwanza, kisha akairudia kwa sauti ya pili, akacheka hadi akakohoa.

"Nimefuzu! Jumamosi usichelewe. Nawe ndiye utakayenisoma mbele ya watu, sitaki mwingine."

Alipoinama kufunga vifungo nikaufungua mchoro. Mia moja ishirini na saba.

Ningeweza kumwambia pale pale. Maneno yalikuwapo, yote yalikuwa ya Kiswahili chepesi, na hapakuwa na mtu mwingine chumbani. Nilisema, "Hongera, dada."

3

Profesa Eliuda Ngailo, mkurugenzi wetu, aliusikiliza mchoro wa Mwalimu Wiliadi kama mtu anayesikiliza hukumu. Ninasema aliusikiliza kwa sababu alifumba macho nilipokuwa ninaeleza. Hakubisha. Alikuwa mwanafizikia kabla hajawa mkurugenzi, na alipofumbua macho aliomba chupa, akaitikisa mara moja, akaitazama ikiwa nyeusi.

"Waliofuzu ni wangapi?"

"Elfu moja mia moja na arobaini, kwa daftari."

"Walio hai?"

"Hatujui. Tuliwaambia wasije tena."

Alisimama dirishani. Ghalani tulikuwa na milango mipya arobaini. Tanuri linalotengeneza milango kutokana na grafiti ya Mahenge lilikuwa limebomolewa ili lijengwe upya, na mingine isingepatikana kabla ya miezi kumi na minne. Hiyo arobaini ilikuwa ya watu waliovuka mbili.

"Waliovuka mbili wanaweza kungoja," nilisema. "Wako kileleni, sega bado wanalo. Wanaokufa ni hawa tuliowapa vyeti. Niruhusu niwasome upya, niwapange kwa upana, wenye upana mkubwa watangulie."

"Waraka wa kuwasoma upya nitautia sahihi leo. Hilo si gumu." Alirudi kukaa. "Nikuulize kitu kimoja, Perpetua, na usinichukie. Dada yako anasoma ngapi?"

Nilimwambia.

"Kwa hiyo atakuwa katika arobaini."

"Atakuwa mahali upana wake utakapomweka."

"Ndiyo, katika arobaini." Aliongea kwa upole, na upole huo ulikuwa mzito kuubeba. "Sasa kaa kwenye kiti cha mtu wa Makete. Kwa miaka kumi na tisa daktari anasema uwiano ukishuka umepona. Jumatatu anasema upana. Jumanne dada yake anasomwa. Jumamosi dada yake yumo katika arobaini, na watu waliokuwa na miadi wameondolewa. Wewe ungesema nini?"

"Nitawaonyesha mlango uliokuwa unga."

"Utawaonyesha masizi ndani ya chupa. Kila jiko Njombe lina masizi."

"Kwa hiyo unataka nifanye nini, Profesa?"

"Sitaki. Ninahesabu." Alizipanga kalamu zake tatu, akazipanga tena. "Mwache Skolastika afuzu. Soma uwiano wake tu, mpe cheti chake, kisha tangaza upana kwa wengine wote. Ukitangaza jambo lisilokufaidi, watakuamini, watakuja, na arobaini watapona. Ukitangaza jambo linalokufaidi, sijui watakuja wangapi. Labda kumi. Wale thelathini watakufa kwa kutokukuamini."

"Na dada yangu?"

"Miezi kumi na minne."

"Hatafika."

Nilitoka nikiwa na waraka uliotiwa sahihi. Nilitamani sana kumdharau na sikuweza, kwa sababu hesabu yake ilikuwa sahihi. Nilikuwa nimezoea kufikiri kwamba ukweli ukishapimwa vizuri unajitegemea. Sasa niliona kwamba namba niliyoipima kwa uangalifu wote ingeaminika zaidi kama ningeficha namba nyingine moja. Uongo mmoja mdogo, ndani ya nyumba yangu, na watu thelathini wangepona.

4

Jumamosi asubuhi nilimkuta Skolastika nyuma ya nyumba, amekaa juu ya kigoda akisimamia sufuria za viazi huku akiwakaripia wanawake watatu kwa pamoja. Nikamwomba tuingie stoo. Kulikuwa na magunia ya mahindi na vikopo vya ulanzi vimepangwa sakafuni, harufu yake kali.

Nilimweleza. Nilijaribu mfano wa sega la nyuki, akanitazama tu. Nikajaribu njia nyingine.

"Kwaya ikiwa imepangika, dada, mmoja akikosea unamsikia."

"Papo hapo."

"Wakikosea watano?"

"Ninawasikia watano."

"Wakikosea wote?"

Mikono yake ilikuwa na unga wa viazi. Akaipangusa kwenye kanga taratibu, kidole kimoja kimoja.

"Wakikosea wote hakuna kosa," alisema. "Ni kelele tu. Nimewahi kuongoza kwaya ya namna hiyo, Pasaka moja. Watu walisema tumeimba vizuri." Kisha akauliza, "Ulijua lini?"

"Jumanne. Ulipokuwa unafunga vifungo."

"Na leo Jumamosi. Umeniacha nichinje mbuzi wawili."

"Nisamehe."

"Sijafika huko bado. Endelea. Usoni mwako kuna kingine."

Nikamwambia na maneno ya Profesa Ngailo, yote, bila kumtetea wala kumchafua. Alisikiliza hadi mwisho. Nje mtu alikuwa akijaribu kipaza sauti, moja, mbili, moja, mbili.

"Wewe umeamua nini?"

"Sijaamua."

"Muongo. Umeamua kuniuliza mimi, ili niamue." Alisema bila hasira, kama alivyokuwa akimwambia mwimbaji aliyeanza kabla ya wakati. "Sikiliza, Pepe. Mimi ninataka kuishi. Usije ukanifanya mtakatifu kwenye mazungumzo yako, ninataka kuishi na ninaogopa. Lakini kile kilichoandikwa kifuani mwangu utakisoma kama kilivyo. Ukinipandisha, umeiba. Ukinishusha ili watu wakusifu, hiyo ni namba ya uongo kama zile za miaka kumi na tisa. Nisome mahali pangu."

"Wasipokuja?"

"Hilo watajibu wao. La kwako ni kusoma."

Chini ya hema walikaa watu mia mbili hivi. Viti vya mbele, kama ilivyo desturi, vilikuwa vya waliofuzu zamani. Walikuwa thelathini na mmoja, kila mmoja na kitambaa cheupe begani. Aliyekaa katikati alikuwa Mzee Yobu Kaduma, mkulima wa viazi mwenye miaka sabini, aliyefuzu miaka mitatu nyuma na ambaye hakukosa sherehe ya shuko hata moja.

"Kamwene, daktari!" alipaza sauti nilipoiweka mashine mezani.

"Kamwene, mzee."

"Mbona umenuna? Dada yako kapona, au ulitaka urithi?"

Hema zima likacheka. Nilingoja kicheko kiishe. Kisha nikasema niliyokuja kusema. Nilisema mlango wa Mwalimu Wiliadi ulikuwa na uwiano safi na ulikuwa unga. Nilisema kosa lilikuwa langu, nikaeleza ni kosa gani na nililifanya lini. Nilisema vyeti vyao havikuwa na maana. Nilisema kuna milango arobaini, na kuanzia Jumatatu itawekwa kwa kufuata upana, mkubwa kwanza. Kipaza sauti kilikuwa kizuri mno. Hata waliokuwa wakiosha sahani nyuma walisimama.

Watu kumi na wawili wa viti vya mbele waliinuka wakaondoka. Mmoja wao aliacha kitambaa chake kwenye kiti, akarudi hatua chache, akakichukua.

Mzee Yobu alibaki. Alifungua vifungo vya shati lake mbele ya watu wote, akajipiga kifuani kwa kiganja.

"Haya, nisome. Mimi jana nimebeba gunia la viazi kutoka bondeni. Nisome huo upana."

Nilimsoma. Mia moja thelathini na tisa. Nikaitaja kwa sauti, na Akwinata akaiandika kwenye ubao ambao mshereheshaji alikuwa ameuandaa kwa ajili ya kuandika namba moja tu. Wengine kumi na wanane wakafuata, baadhi kwa aibu, baadhi kwa kusukumwa na watoto wao. Wawili walikuwa chini ya hamsini, na mmoja wao alipiga magoti pale pale. Waliosalia walivuka mia. Mwisho akaja mwenye sherehe, akakaa, akafungua sweta.

Nilisoma mchoro wake mara mbili. Nilipoinua macho niliwaona watu wote wakinitazama mdomo, wakingoja.

"Mia moja ishirini na saba," nilisema.

Akwinata aliandika. Alipopanga majina upya kwa upana, la Mzee Yobu likakaa juu kabisa, na chini yake, katika mstari wa pili, likakaa la Skolastika Mtewele.

Kisha Mzee Yobu akaanza kufunga vifungo vyake, kuanzia cha chini.

"Sasa nimekuelewa, daktari," alisema. Hakuwa na mzaha tena. "Ungemweka yeye wa kwanza, tungeona. Kwa hiyo umenitanguliza mimi, mzee mwenye kelele anayependwa na watu, ili yeye apite nyuma yangu."

"Mzee, hiyo ni namba yako. Nimeisoma mbele yako."

"Miaka yote ile ulinisomea namba nyingine mbele yangu. Ulinipa na cheti. Mke wangu kakiweka kwenye kioo." Alikiweka sawa kitambaa chake cheupe begani. "Mimi sitakuwa mwavuli wa dada yako. Skola, usinichukie, nyama ilikuwa nzuri."

Alipotoka, watu walimfuata kama wanavyofuata jeneza, safu kwa safu.

5

Jumapili nilikwenda kwa Mzee Yobu. Alinikaribisha kwa adabu zote, akanipa chai, akanipa na viazi vya kubeba. Nilizungumza kwa saa nzima. Alisikiliza, akaniambia kwamba tangu afuzu hajawahi kuumwa hata mafua, na kwamba mimi ni mtu mzuri ambaye mapenzi ya ndugu yamemchanganya. Mkewe alinisindikiza hadi barabarani. Aliniuliza ile namba ilikuwa ngapi, nikamwambia, akairudia kimoyomoyo, midomo yake ikitembea, kisha akarudi ndani.

Jumatatu walifika tisa. Walikaa kwenye benchi nje ya chumba cha upasuaji kwa kufuata mpangilio wa ubao, na kichwani mwa benchi waliacha nafasi ya mtu mmoja. Madaktari wa upasuaji walikuwa tayari tangu saa mbili. Kwa siku wangeweza kuweka milango mitatu.

"Saa tatu na nusu," alisema Akwinata.

"Mpigie tena."

Alipiga, akaweka sauti ili nami nisikie. Upepo ulikuwa ukivuma upande wa pili, na jembe lilikuwa likigonga udongo, taratibu, kwa vipimo sawa.

"Mzee Yobu, ni Akwinata wa Taasisi. Daktari anakungoja wewe tu. Gari tunaweza kulileta hadi shambani."

"Mwanangu, mwambie daktari aendelee na dada yake. Si ndiye aliyemngoja?" Simu ikakatika.

Utaratibu ulikuwa wangu mwenyewe. Niliuandika Jumamosi jioni na kuubandika ukutani ili mtu yeyote ausome. Asiyefika hadi saa nne anapitwa, na anayefuata anaingia. Ningeweza kuongeza saa moja. Ningeweza pia kumwambia Akwinata aite majina, kwani kwa kawaida ndiye anayeita. Watu wa benchini walikuwa wakitazama saa ya ukutani, kisha mimi, kisha saa.

Saa nne kamili nikafungua daftari. Katika mstari wa kwanza nikaandika: hakufika. Nikasoma mstari wa pili kwa sauti, majina yote matatu, kama ninavyosoma ya mgonjwa yeyote.

"Skolastika Anosiata Mtewele."

Hakuna aliyemtazama yeye. Wote wanane walinitazama mimi.

"Nipo," alisema dada yangu. Alisimama kwa shida, akampa aliyekaa karibu naye sweta lake amshikie, akaingia bila kunigusa. Tulikuwa tumekubaliana hivyo.

Wa tatu katika orodha alikuwa Mama Atilio, muuza mboga wa sokoni, mwenye miaka arobaini na saba. Ndiye aliyeachiwa sweta. Alikaa nalo mapajani kwa muda, akilikunja na kulikunjua. Kisha akaliweka juu ya benchi mahali pa Skolastika, akajifunga kanga yake upya, akasimama.

"Mama Atilio," nilisema, "wewe ndiye unayefuata. Kabla ya saa nane utakuwa umeingia."

"Nimeona nilichokuja kuona, daktari."

Alikuwa akitembea kuelekea kwenye ngazi. Hakuwa na haraka. Alishika ukuta kila baada ya hatua chache, kwani pumzi ilikuwa imeanza kumsumbua, na sikuwa na kitu kingine cha kumpa isipokuwa kile nilichokipima.

"Mia moja na kumi na tisa," niliuambia mgongo wake.

Hakugeuka.